Kwa Shoga Yangu Aliyenialika Kwenye Moto

Mpendwa shoga yangu Kasturi,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ambayo tulidhani hapa Maskati ni yetu sisi wawili tu. Tangu niletewe habari kwamba umefariki, sina maneno mengi. Wanangu wanadhani sukari yangu imepanda, nami nimewaacha wadhani hivyo, maana mtu wa sukari haulizwi maswali.

Jana mjukuu wangu Talib amerudi kutoka Japani, alikokwenda kutembea na wenzake wa chuo. Alikaa nami sebuleni, hapa Al Khoudh, akaniwekea simu mbele ya macho. Nikaona wanaume waliovaa nguo nyeupe, kamba nene zimewazunguka viuno, kila mmoja ameshika mwenge, wanateremka mbio ngazi za mawe kutoka mlimani, na ngazi yote imejaa moto. Talib alisema ni sikukuu yao ya tangu na tangu, na wageni huruhusiwa kusimama pembeni wakatazama. Yeye alisogea mno. Moshi ukamziba pumzi, cheche zikamwangukia begani, akawa hajui arudi nyuma vipi mpaka bibi mmoja asiyemfahamu akamshika mkono akamvuta ukutani. "Wallahi Bibi, niliogopa," alisema huku anacheka. "Wewe ushapata kuona moto kama huu?"

Nikamwambia mtu mzima kama mimi ameona mioto ya kutosha jikoni. Akacheka, akenda zake kula. Mimi nikabaki pale na uongo wangu, kwa sababu moto nimewahi kuuona, na nikiwa mgeni kama yeye, nimesogea mno kama yeye. Wa kumhadithia ni wewe tu, uliyekuwa upande wa pili wa moto ule.

Unakumbuka tulivyokutana? Ilikuwa mwishoni mwa sitini na nne. Sisi tumetoka Unguja mwaka uleule, mimi na mume wangu Nassor, na tulichokuja nacho ni godoro lililokunjwa na mimba yangu ya Zuwena. Maskati ilikuwa mji wa ukuta na milango. Jua likizama, baada ya muda mzinga hulia ngomeni, milango hufungwa, na atakayeonekana njiani lazima abebe fanusi ili uso wake ujulikane. Sisi tulikaa nje ya ukuta, kwenye vibanda vya makuti ya mtende. Kiarabu nilichokuwa nacho kilikuwa cha kusalia na cha kujibu salamu. Majirani waliniita Zinjibariya, tena wakinicheka kila nikifungua mdomo, basi nikaufunga.

Siku hiyo Nassor alinipeleka dukani kwa mumeo kununua kitambaa cha nguo za mtoto. Nimesimama napapasa marikani, nikasikia sauti ya mwanamke kutoka ngazi ya ndani: "Lo! Paka huyu hana haya hata kidogo, keshanimwagia maziwa yangu!" Nililia palepale, mbele ya mumeo na vitambaa vyake. Wewe uliteremka, mkononi una mwiko, ukanitazama tumbo, ukanitazama uso, ukasema, "Wa wapi weye? Vuga au Malindi?" Baniani uliyezaliwa Unguja, ukaletwa Maskati kuolewa, na hukuwa umesema Kiswahili na mtu zaidi ya paka kwa miaka miwili.

Nilikuwa nikikutania kwa ile methali, Baniani mbaya kiatu chake dawa. Nawe ukinijibu kwamba kiatu chako kinaniweka mjini, kwa hiyo nikae kimya. Kweli kiliniweka. Ulimwambia mumeo kwamba mimi ni fundi hodari wa cherehani, na mama mkwe wako akaafiki niwe nakuja ghorofani kushona nguo za nyumba. Huyo mama mkwe, Ba, sijui nimweleze vipi mtu asiyemjua. Mfupi, mkavu, nguo nyeupe za mjane, kopo la shaba la maji halimtoki mkononi. Aliniruhusu nikae kwenye mkeka wangu kando ya mlango, nisiguse mtungi, nisikaribie jiko. Nikiinuka tu, anamwaga maji pale nilipokaa na kupasugua. Hakufanya siri. Tukampa jina, Bi Mwagamaji, na tukicheka mbele yake, maana alijua Kikachi, lugha ya kwao Uhindini, na Kiarabu cha hapa, na sisi tulikuwa tumejificha ndani ya Kiswahili.

Zuwena alizaliwa, na baada yake ukazaliwa Harish wako, mjukuu wa kwanza wa kiume wa nyumba ile. Ikakupata homa ya uzazi. Ulipoinuka, maziwa yamekauka. Maziwa ya kopo mtoto aliyatapika, ya mbuzi yakamharisha. Nilipokuja kushona baada ya wiki kadhaa, niliona kwenye kitanda kitu kidogo chenye uso wa mzee.

"Ananifia, shoga," ulisema. "Ba anasema mie nna nuksi. Akifa huyu wananirejesha kwa kaka zangu."

"Kesha kula nini leo?"

"Hajala. Hata kulia halii tena."

Sikufikiri, Kasturi. Watu wangeniuliza ningesema nilifikiri, nilimwomba Mungu, nilipima. Sikupima lolote. Nilifunga mlango kwa mguu, nikafungua kifungo, nikamchukua. Mwanzo hakuwa na nguvu ya kushika. Nikamkamulia mdomoni, tone baada ya tone, nawe umepiga magoti unamshika kidevu. Aliposhika, alishika kweli, mpaka nikauma meno. Tulitazamana, kwa sababu sasa tulikuwa tumeshafanya.

Maana tulijua ni jambo gani. Ndani ya nyumba ile maji niliyoyagusa mimi hayanywewi. Na sasa mjukuu wa kwanza anakunywa kilichotoka mwilini mwangu. Ikijulikana, wewe utapandishwa meli urejeshwe kwa kaka zako bila ya mtoto, mimi sitakanyaga tena ngazi zile, na Harish atarudi kwenye maziwa ya mbuzi. Hayo ya mwisho ndiyo yaliyotutisha kuliko yote. Mtoto alikuwa na chakula kimoja duniani, na chakula hicho kilikuwa haramu kwa nyumba yake.

Jioni nilimwambia Nassor. Alimaliza kahawa yake, akauliza, "Kashiba?"

"Kashiba."

"Utamnyonyesha tena?"

"Nisipomnyonyesha atakufa."

"Basi jua unalolifanya. Ukimnyonyesha akakua kwa maziwa yako, huyo ni mwanao. Zuwena dada yake. Hilo sheria, si maneno ya kupoza." Akaweka kikombe chini. "Endelea. Njaa haina dini."

Ikawa kila asubuhi naingia mlango wa mji na furushi langu la nguo, Zuwena mgongoni, na kila siku roho iko juu. Nilikuwa nampa Zuwena upande mmoja na Harish upande mwengine, nawe unaendesha cherehani tupu, bila ya nguo, ili Ba aliyeko chini asikie mashine inakwenda. Nguo gani ile isiyokwisha? Harish alianza kujaa mashavu. Akaanza kucheka. Kila alivyonenepa wewe ulifurahi na mimi niliogopa zaidi, maana mtoto anayenona bila ya mama mwenye maziwa ni swali linalotembea.

Siku ile Ba alipofungua mlango bila ya kubisha, unaikumbuka? Harish alikuwa chini ya leso yangu. Wewe ulirusha jora zima la kitambaa juu yangu ukaanza kupima bega, pini mdomoni, huku unaniambia nisimame wima na mimi nimekaa. Ba alisimama kizingitini. Alitazama cherehani, akatazama kitanda kitupu cha mtoto, akanitazama mimi. Akafunga mlango akateremka. Tulingoja apige kelele. Hakupiga. Tangu siku hiyo akapatwa na kikohozi. Kila akitaka kupanda ngazi, hukohoa chini kwa nguvu, kisha hupanda polepole. Tulisema kifua kimemharibikia. Tulimwonea huruma hata, na tukazidi kumsema.

Ukafika msimu wa sikukuu yenu ya moto. Unguja nilikuwa nikiziona taa zenu za Diwali barazani, lakini moto huu ulikuwa ukiwashwa ndani ya nyua zenu, sikuwahi kuuona. Uliniambia mtoto aliye katika mwaka wake wa kwanza huvishwa nguo nyeupe, hutiwa koja la sukari shingoni, akazungushwa kwenye moto ili mabaya yabaki nyuma yake. Nikamshonea nguo hiyo kwa mkono, si kwa cherehani. Ukanihadithia kisa cha moto wenyewe, cha mwanamke aliyeingia motoni na mtoto wa watu mapajani, akijua yeye hataungua.

"Ikawaje?" nikakuuliza.

"Mtoto alitoka mzima."

"Na mwanamke?"

"Aliungua," ulisema, ukakata uzi kwa meno. Kisha ukaniambia, "Njoo, shoga. Wote pale watakuwa na dada zao na mama zao. Mie sina mtu wa upande wangu."

Nassor hakupenda, lakini hakukataza. Alisema nikatazame, nisile cha sadaka, nisizunguke, na nitoke kabla ya mzinga. Yeye atakuwa mlangoni na fanusi. Nilimwacha Zuwena kwa jirani.

Kosa letu lilikuwa dogo kabisa, Kasturi. Siku ya sikukuu nyumba ilijaa wageni tangu asubuhi. Mawifi zako walikuwa ghorofani wanapaka hina, na fundi wa nguo hana kazi siku ya sikukuu. Harish hakunyonya. Ulimpa maji ya wali, ulimpa sukari kidoleni. Nami nilikuwa na kifua kimejaa mpaka kinauma, nikijiambia nitatazama moto kidogo, kisha tutapata upenyo.

Nilifika baada ya magharibi. Uani kwenu palikuwa pamejaa watu, wanaume upande wa hekalu, wanawake upande wa ngazi. Kuni za Maskati ni haba, kwa hiyo mlikuwa mmekusanya mbao za masanduku, makuti, vishina vya mitende, mkavirundika kupita urefu wa mtu. Ngoma hazikuruhusiwa mjini, wanawake wakaimba kwa kupiga makofi. Nikasimama nyuma, mgongo ukutani, ushungi umenifunika mpaka puani. Mwezi ulipochomoza juu ya mlima, mzee wenu mwenye dini akalisogelea rundo na kaa la moto, na makuti yakashika mara moja.

Sijapata kuona. Ulikuwa ukipanda na kunguruma, joto likatusukuma sote nyuma hatua nzima. Wanawake wakatoka mmoja mmoja na vyombo vya maji, wakizunguka, wakitupa nazi na nafaka na tende, tende za hapahapa Oman. Harufu ya tende inayoungua sikuwahi kuijua. Mimi nikasoma Ayatul Kursi moyoni, na papo hapo nikawa nauona uzuri wake, na mambo hayo mawili yakakaa pamoja kifuani mwangu bila kugombana. Nilikutafuta kwa macho. Ulikuwa upande wa pili kabisa, kati ya mawifi zako, sari nyekundu, huna raha.

Ba akatoka na Harish. Nguo nyeupe niliyoishona, koja la sukari. Alipoanza kuzunguka, mtoto akalia.

Kwanza kilio kidogo cha usingizi. Kisha kile kilio kingine, unakijua, cha njaa, kinachopasua. Mwili wangu haukuniuliza. Nilihisi maziwa yanashuka, yanachoma, nikakunja mikono kwa nguvu, nikabana, nikauma mdomo. Haikufaa kitu. Kanzu yangu ilikuwa ya samawati, na moto ule ulikuwa umeufanya uwanja mchana. Nilitazama chini nikaona alama mbili zinakua kifuani.

Na Ba akafika upande wangu, na Harish akaniona. Alinyoosha mikono yote miwili. Alijipinda begani kwa bibi yake akiniangalia mimi, analia na kuninyooshea mikono, mbele ya moto, mbele ya ukoo wenu wote. Makofi yakapungua. Wifi yako mkubwa akasema kwa Kiarabu, ili nami nifahamu, "Mbona anamtaka fundi?" Mwanamke wa jirani akageuka. Akatazama uso wangu, akaanza kushusha macho.

Nilikuona upande wa pili wa moto, Kasturi. Ulikuwa umeweka mkono mdomoni. Hukuweza kuja, na ungekuja ungeharibu zaidi. Nikasema basi, imekwisha, huyu mtoto leo nimemuua.

Ba alitoka kwenye mzunguko. Alinijia moja kwa moja, mtoto mkono wa kushoto, kopo la shaba mkono wa kulia, akalimwaga kopo zima kifuani mwangu. Maji ya baridi, kutoka shingoni mpaka miguuni. Akapiga kelele kwa Kikachi, na baadaye wewe ulinifasiria: "Cheche zimemrukia mgeni! Mnasimama mnatazama tu, mnangoja aungue?" Wanawake wakapiga ukemi wa huruma, mmoja akaja kunipangusa bega, wifi yako akasahau swali lake. Kanzu nzima ilikuwa imerowa. Hapakuwa tena na alama ya kuonekana.

Akavua shali lake akanitupia. Alipokuwa ananifunika, mdomo wake ukiwa sikioni mwangu, akasema, "Jifunike, mwanangu. Wanakuona."

Kwa Kiswahili. Kiswahili cha Mji Mkongwe, safi, cha watu wa zamani.

"Panda juu," akasema. "N'takuletea. Ashibe kwanza, ndo nimzungushe."

Wewe ulitukuta ghorofani. Nimekaa kitandani kwako, si kwenye mkeka, na Harish ananyonya na huku bado anadunda kwa kwikwi, na Ba amesimama mlangoni, mgongo ametupa sisi, analinda ngazi. Ulimwanza kwa Kikachi, ukilia, ukitaka kumshika miguu. Akakukata kauli kwa Kiswahili, na nilikuona ulivyoduwaa.

"Nilikuwa bibi arusi Unguja mie, nyie hamjazaliwa. Nimesikia yote. Hata hilo jina mlilonipa."

Ukasema, "Ba, kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Nikisema najua, itanibidi nikukataze. Nisiposema, mtoto ananyonya." Akakohoa kidogo, kile kikohozi chake cha ngazini, akatugeukia mara moja tu. "Mlidhani n'naumwa?"

Siri ya mtungi aijuae kata, shoga yangu. Miezi yote ile tulijiona werevu, na aliyekuwa akitubebea siri ni yule tuliyemcheka.

Alimchukua mtoto aliyeshiba, akateremka naye, akamzungusha. Nilimwona kutoka dirishani, nguo nyeupe ikizunguka kwenye moto ulioanza kutulia, na Harish amelala begani. Mimi sikuzunguka. Nilikuwa nimemwahidi Nassor.

Kisha mzinga ukalia. Nilikimbia vichochoro vyote vile na kanzu iliyorowa, mtumishi wenu mbele yangu na fanusi. Nassor alikuwa ameweka mguu wake katikati ya mlango wa mji, anabishana na askari. Askari aliniinulia taa usoni, akanusa, akauliza mbona mwanamke huyu ananuka moshi na anatiririka maji. Nassor akamwambia, "Kaunguza chakula cha harusi, na bibi arusi kammwagia mtungi." Askari alicheka mpaka akatuachia. Nassor mwenyewe hakucheka mpaka tulipofika nyumbani.

Asubuhi yake nilikuja na furushi langu. Sikujua nitapokewa vipi. Ba alinifungulia, hakunisalimia, akanionesha mkeka wangu kwa kidevu. Nilipoinuka, alimwaga maji akapasugua. Wewe na mimi tulitazamana. Niliudhika, Kasturi, sitakuficha. Nililia njia nzima siku ile. Nilitaka anipende baada ya yale. Imenichukua miaka kuona kwamba yeye alikuwa na nyumba ya kuishi ndani yake, na mawifi wa kutazama sakafu iko kavu au mbichi. Alifanya aliloweza, na sakafu akaiosha. Neno jingine la Kiswahili halikumtoka tena mbele yangu. Nasi hatukumsema tena, maana tulikuwa hatuna pa kujificha.

Harish akaachishwa ziwa, akala wali, akatembea, akamvuta Zuwena nywele. Mwaka wa sitini na tisa mumeo akasema mtoto lazima asome, na Maskati haina shule ya kumsomesha, mkaondoka kwa meli ya posta kwenda Uhindini. Gatini hatukukumbatiana, wanaume walikuwa wengi. Uliniambia tu, "Haya, shoga." Barua hatukuandikiana. Wewe uliandika kwa Kigujarati, mimi kwa herufi za Kiarabu, na Kiswahili chetu kilikuwa cha mdomoni. Nimekukasirikia kwa hilo miaka mingi, na najua nawe umenikasirikia.

Sasa nikueleze alivyokuja.

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, nyumba imejaa wanangu na wajukuu. Mjukuu mmoja akanijia mbio chumbani na mtandio, "Bibi, jifunike, kuna mgeni mwanamume, Mhindi, anakuuliza wewe." Nikajitanda nikatoka. Nilimkuta amesimama katikati ya sebule, mtu mzima mwenye tumbo, miwani, shati limepigwa pasi. Kichwa kimenyolewa, nywele ndiyo kwanza zinaanza kuchipua. Nimekaa na watu wenu, Kasturi. Mtoto wa kiume akinyoa hivyo najua kafiwa na nani. Kabla hajafungua mdomo nilikuwa nimeshakulilia.

"Mimi Harish," alisema.

Nikautoa mtandio kichwani, nikauweka kitini. Mvi zangu zote nje, mbele yake. Mwanangu mkubwa akainuka, "Mama!" Wajukuu wakaganda. Hawajapata kuniona kichwa wazi mbele ya mwanamume asiye wa nyumba hii.

"Nijifunike kwa nani?" nikawaambia. "Huyu mwanangu. Zuwena, njoo umsalimie ndugu yako."

Aliinama kunishika miguu, kama mlivyomfunza. Nikamwinua, nikambusu kichwa chake kile chenye vijiti vya nywele. Kiswahili chake ni kibovu, nusu kakisahau, nusu hakukijua, lakini sentensi moja alikuwa ameibeba nzima kutoka huko, bila shaka ulimkaririsha mara nyingi mpaka ikakaa: "Mama kanambia, n'kifiwa na mama mmoja, nende kwa mama mwengine."

Nilimpikia mwenyewe, sikumwachia mtu jiko. Mbaazi za nazi na wali mweupe, bila ya samaki, bila ya nyama. Alikula kwenye sahani yangu, mkono wake na mkono wangu sahani moja, na Zuwena anamtania kwa tumbo lake. Akaomba aongezewe.

Basi pumzika, Kasturi. Usiwe na khofu naye tena. Mtoto yuko kwangu, kala, kashiba.

Ni mimi shoga yako,
Mama wa Zuwena na Harish